Kamera tatu, sendofu moja, na Braza Muscat kaona patupu!

Jamani, wacheni niyaseme yaliyonikuta, maana nikinyamaza nitapasuka.

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa anaagwa. Sendofu ya nguvu, ukumbini Sinza, kamati imekaa vikao miezi mitatu. Braza wetu mkubwa yuko Muscat, mwaka wa saba huu hajakanyaga Bongo, na mchango wake ndio uliolipa nusu ya ukumbi. Aliomba kitu kimoja tu: "Nionyesheni mama." Mimi kwa kujifanya mjuaji nikawaambia wanakamati, hilo niachieni.

Nikatega simu tatu. Mbili zinatazama meza kuu, moja imeelekezwa kwa mama na wazee. Kila moja inarusha picha kivyake kwenye mtandao ule ule, ili Braza ajichagulie. Bomba, siyo? Mama akashika maiki, akamtaja Braza kwa jina. Ukumbi mzima kimya. Picha ikaganda, mama mdomo wazi! Ilipozinduka, mama kashakaa, watu wanakimbilia pilau.

Braza hakugomba. Alisema tu, "Haya." Wanaomjua wanaielewa hiyo "haya".

Jumatatu nikamfuata mshikaji wangu mmoja, fundi wa mitambo ya televisheni. Akacheka mpaka akakohoa, halafu akachukua peni. Picha moja ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2. Kila nukta baiti 3, na kila sekunde zinapita picha 25. Isipobanwa, kamera moja inakula kama megabaiti 155 kwa sekunde! Kinachotuokoa ni kwamba simu hutuma kilichobadilika tu. Ukuta haujasogea, wa nini kuutuma tena?

"Sasa wewe," akanambia, "kila kamera umeibana kivyake, wakati zinaona keki ile ile, meza ile ile, gauni lile lile. Umetuma ukumbi mmoja mara tatu."

Msomaji, chukulia umbea. Mashoga watatu wameona ugomvi mmoja uani. Wa kwanza akikupigia anakusimulia wee mpaka mwisho. Wa pili naye akianza na "kulikuwa na ugomvi," si anakumalizia muda? Aseme tu kile ambacho mwenzie hakukiona. Kamera nazo ndivyo: moja inatumwa nzima, nyingine zinatuma tofauti.

Wataalamu walishaliona hilo zamani. Kanuni ya kubana video ya H.264, iliyotoka mwaka 2003, baadaye iliongezewa kipengele cha kamera nyingi, MVC. Ndicho kilichotumika kwenye diski za Blu-ray za 3D, ambako jicho la kushoto na la kulia huletewa picha zinazofanana kama pacha. Mrithi wake, MV-HEVC, umo kwenye video za 3D zinazorekodiwa na iPhone 15 Pro.

Kilichoniacha hoi ni hiki. Mwaka 1973 jamaa wawili, David Slepian na Jack Wolf, walithibitisha kwa mahesabu kwamba hata mashoga wasipoambizana neno, wanaweza kufupisha habari zao kana kwamba wamekaa pamoja, mradi anayezipokea azifumbue zote kwa pamoja. Kwenye karatasi, lakini! Kuifanya kweli ni kasheshe nyingine.

Halafu msidanganyike kwamba kamera tatu zitakuwa bei ya moja. Zile mbili za meza kuu, sawa, zilikuwa jirani. Ile ya mama ilitazama upande wa pili kabisa, hapo hakuna cha kufupisha. Na ile ya kwanza ikikatika, zinazoiegemea nazo zinaanguka. Wenye mshiko hawahangaiki sana: Kombe la Dunia 2018 kule Urusi, waamuzi wa VAR waliokaa Moscow waliletewa picha za kamera 33 kwa nyaya za faiba. Mimi na bando langu la wiki, wapi na wapi!

Kwa hiyo Jumamosi ya harusi, mshikaji akaja na dawa ya kimasikini. Kamera zote tatu tukazichomeka kwa waya kwenye mashine moja ya kuchanganyia, palepale ukumbini, ikatoka picha moja tu kwenda Muscat. Braza hakupata kuchagua, nilimchagulia mimi. Mama nikamwacha kwenye kioo dakika ishirini nzima, mpaka MC akaja kuniuliza kama nimelala.

Saa sita usiku simu ikalia. Sikusikia "asante" wala "hongereni".

"Mama kakonda hivi," Braza akasema, "halafu hamkuniambia?"