Rilei Mbili, Milango Minne: Sentaloki ya Kibabe Hapa Bariadi

Oya wanangu wa Simiyu, leo tuongee ishu ya ndinga. Zama gereji yoyote pale Bariadi mjini, utakutana na Probox, Noah na IST, nyingi zimeshapigishwa kazi Japani kabla hazijaanza kula vumbi la huku kwetu. Probox kibao zilizaliwa kuwa gari la kazi tupu: kioo cha kuzungusha kwa mkono, kitasa cha kubonyeza mlango kwa mlango. Msimu wa pamba ukifunguliwa mwezi wa tano, mpunga ukaanza kuzunguka mtaani, mwenye ndinga anamfuata fundi umeme: "Mdogo wangu, nifungie sentaloki. Nataka nikibonyeza rimoti milango yote ijibu."

Hapo ndipo masela wanapoachana. Kuna anayefunga kwa kukariri rangi za waya, na kuna anayejua umeme unapita wapi. Wa kwanza atakula hela leo tu. Huyu wa pili mjini hatalala njaa.

Siri ya mchezo mzima ni rilei, kale kaboksi keusi kanakoenea kiganjani. Mota za vitasa zikivuta zote nne kwa mpigo zinakula umeme mwingi, na si kila kisanduku cha rimoti kinaweza kubeba mzigo huo. Ukilazimisha, umekiunguza. Rilei inakaa katikati. Ndani ina koili inayokula umeme kiduchu, kama ampea 0.15 hadi 0.2 kwenye rilei ya kawaida ya volti 12. Koili ikipata moto inageuka sumaku, inavuta kipande cha chuma, unasikia "ta!", na njia ya umeme mzito imeungana: ampea 30, nyingine mpaka 40. Ni kama dogo wa Itilima mwenye fimbo nyembamba akiswaga maksai wa plau: nguvu ya maksai, amri ya fimbo.

Igeuze uone miguu yake. Utasoma namba 30, 85, 86, 87 na 87a. Namba hizo ni zilezile hata rilei iwe imetengenezwa China au Ujerumani, kwa hiyo ukizielewa mara moja, umemaliza. 85 na 86 ni za koili. 30 ndiyo mguu unaohama: rilei ikiwa imelala unagusa 87a, ikiamka unarukia 87.

Sasa sikia utamu. Mota ya kitasa ina waya mbili. Tia chanya huku na hasi kule, inafunga. Geuza, inafungua. Ndiyo maana unahitaji rilei mbili za miguu mitano, moja ya kufunga, moja ya kufungua. 30 ya kila rilei peleka kwenye waya mmoja wa mota. 87a zote mbili zipige bodi, yaani hasi. 87 zote mbili zipe chanya ya betri iliyopita kwenye fyuzi. Kukiwa kimya, waya zote za mota zipo kwenye hasi, mota imetulia. Bonyeza kufunga: rilei ya kwanza inaleta chanya, ya pili imebaki hasi, milango inafunga. Bonyeza kufungua: mambo yanageuka. Na hata zikiamka zote mbili kwa bahati mbaya, pande zote zinapata chanya, mota haiendi popote na hakuna shoti. Huo ndio ufundi wa kibabe!

Kuna mambo ya kukazia, maana kazi ya kulipua inamrudisha mteja na hasira. Fyuzi ikae karibu na betri, siyo mwisho wa safari, kwa sababu waya ukichunika njiani bila fyuzi, unachoma gari. Amri ya kufunga iwe ya mpigo mfupi, chini ya sekunde moja hivi. Ukiacha umeme ung'ang'anie, mota inapikika. Kwenye koili weka dayodi 1N4007, mstari wake utazame upande wa chanya, kwa sababu koili ikizimwa inarusha mshtuko wa volti unaoweza kuua kisanduku cha rimoti. Waya za mlangoni zipitishe ndani ya ule mpira kati ya mlango na bodi, la sivyo kila mlango ukifunguliwa waya unajikata taratibu. Viungo piga solda, kisha vifunike vizuri, maana barabara zetu za vumbi zikitoka lami ya Lamadi kuingia vijijini hazina huruma na kiungo kilichosokotwa kwa vidole. Na soketi za njano chini ya dashibodi kausha nazo kabisa: hizo mara nyingi ni za eabegi.

Rangi za waya? Seti nyingi za dukani zina bluu na kijani kwa mota, na ya mlango wa dereva ina waya tano badala ya mbili. Lakini usiiamini rangi, pima. Mwana, kabla hujanunua raba mpya, nunua multimita. Ukitaka kukomaa zaidi, VETA wana kozi ya umeme wa magari, na cheti chake kinakufungulia milango ambayo maneno ya kijiweni hayafungui.

La mwisho nalisema kwa moyo wote. Sentaloki inafungwa ili kulinda mali, lakini ndani ya gari wanakaa watu: bibi anayepelekwa hospitali, madogo wanaotoka shule. Betri ikifa au gari ikipata ajali, lazima mlango ukubali kufunguliwa kwa mkono kutoka ndani, na ufunguo ukubali kutoka nje. Kwa hiyo kabla hujapokea mpunga, chomoa fyuzi mbele ya mteja, mwambie: "Mzee, ingia, jaribu mwenyewe mlango mmoja mmoja." Ikifunguka yote minne, chukua hela yako, umeitendea haki kazi. Mmoja ukigoma, rudi mezani, kazi bado.