AFYA: Saratani ya matiti hurithiwa hata kupitia kwa baba

KATIKA jamii ya Agikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, naye wa pili hupewa la nyanya mzaa mama. Mara nyingine jina hilo huandamana na sura, mwendo na hata kicheko cha aliyetangulia. Jambo ambalo aghalabu mtoto haelezwi ni maradhi yaliyomwondoa nyanya huyo duniani.

Tangazo la kifo husema tu kwamba marehemu aliaga baada ya kuugua kwa muda mrefu. Hayo ni maneno ya heshima, lakini huenda yakawaficha mabinti na wajukuu habari wanayoihitaji kuliko kipande chochote cha shamba.

Ni kweli kwamba si kila saratani ya matiti hurithiwa. Wataalamu hukadiria kuwa kati ya wagonjwa 100, watano hadi 10 hivi ndio ambao maradhi yao yametokana moja kwa moja na hitilafu ya jeni waliyozaliwa nayo. Wengi wa waliosalia hawana jamaa wa karibu aliyewahi kuugua. Kwa hivyo, mwanamke asiyejua mgonjwa yeyote katika ukoo wake asijidanganye kwamba ana kinga.

Shaka kwamba ugonjwa huu hufuata damu ni ya kale. Mnamo 1866, daktari Mfaransa Paul Broca alichapisha habari za ukoo wa mkewe, ambapo kati ya wanawake 24 wa vizazi vinne, 10 walikuwa wameuawa na saratani ya matiti. Ilipita zaidi ya karne nzima kabla ya kiini kujulikana. Mnamo 1990, mtafiti Mmarekani Mary-Claire King alionyesha kuwa jeni inayohusika imo katika kromosomu ya 17. Jeni hiyo, BRCA1, ilitambuliwa kikamilifu 1994 na nyingine, BRCA2, ikafuata mwaka mmoja baadaye.

Kinyume na wanavyodhani wengi, kila mtu anazo jeni hizi, awe mwanamume au mwanamke. Kazi yake ni kukarabati DNA inapokatika ndani ya seli. Mtu hupokea nakala mbili za kila jeni, moja kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Moja ikiwa na kasoro tangu kuzaliwa, iliyo nzima huendelea na kazi. Hatari huja pale nakala hiyo nzima inapoharibika katika seli ya titi. Seli hiyo hubaki bila fundi, kasoro hulimbikizana na uvimbe ukaanza.

Utafiti mkubwa uliochapishwa 2017 ulikadiria kwamba kufikia umri wa miaka 80, takriban wanawake 72 kati ya 100 wenye kasoro katika BRCA1 hupata saratani ya matiti, na 69 kwa BRCA2. Saratani ya ovari hukadiriwa kuwapata 44 na 17 mtawalia.

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Mwanamke akiulizwa kuhusu historia ya ukoo, hutaja mama, dada na mama wadogo, kisha akanyamaza. Shangazi na nyanya wa upande wa baba husahaulika, ilhali baba mwenye kasoro hii huweza kumrithisha kila mtoto wake, wa kike kwa wa kiume, kwa uwezekano wa nusu kwa nusu sawa na mama. Yeye mwenyewe huenda asiugue kamwe, ingawa kasoro hiyo, hasa ya BRCA2, huzidisha hatari ya saratani ya tezi dume, na wanaume wachache hupata ya matiti pia.

Ishara za kuzingatiwa ni jamaa kuugua kabla ya miaka 50, matiti yote mawili kushikwa, saratani ya ovari, mwanamume kupata saratani ya matiti, au jamaa kadhaa wa upande mmoja kuugua. Umri waliougua pia una uzito. Nyanya aliyeugua akiwa na miaka 80 haleti wasiwasi kama shangazi aliyeugua akiwa na 36.

Wala hili si tatizo la Wazungu pekee. Utafiti uliofanyiwa wanawake wa Nigeria na kuchapishwa 2018, King akiwa miongoni mwa watafiti pamoja na Profesa Olufunmilayo Olopade, mzaliwa wa nchi hiyo, ulibaini kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya wanane alikuwa amerithi kasoro katika BRCA1, BRCA2 au jeni nyingine mbili zinazojulikana.

Nchini Kenya, ambako wagonjwa wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeshasambaa, mwenye historia kama hiyo hana sababu ya kungoja uvimbe. Daktari anaweza kupendekeza uchunguzi uanze mapema kuliko kwa wanawake wengine, mara nyingi miaka 10 kabla ya umri ambao jamaa mdogo zaidi aliugua. Aliyethibitishwa kuwa na kasoro huweza kuchunguzwa kila mwaka, kupewa dawa za kupunguza hatari, au kuondolewa matiti na ovari kabla ya kuugua, kama mwigizaji Angelina Jolie alivyotangaza kuwa amefanya 2013 na 2015.

Kipimo cha jeni hufaa kuanza na jamaa aliye mgonjwa. Kasoro ikipatikana kwake, wengine hupimwa hiyo hiyo, na jibu kwao huwa wazi. Mgonjwa akizikwa bila kupimwa, jibu la "hakuna kitu" kwa bintiye halimaanishi mengi, kwani huenda maradhi ya mama yalitoka kwenye jeni nyingine.

Aidha, kwa kuwa takwimu nyingi za jeni zimekusanywa kutoka kwa watu wenye asili ya Ulaya, Waafrika hupata mara nyingi zaidi jibu la badiliko ambalo maana yake haijulikani. Jibu la aina hiyo halitoshi kumpeleka mtu kwenye upasuaji. Daktari huliweka kando na kurudi kuuliza shangazi aliugua nini, na akiwa na umri gani.