Tezi Dume, Mionzi na Damu Yako: Kweli au Si Kweli?

Mzee wa Makole, Dodoma, akiambiwa saratani yake ya tezi dume inahitaji mionzi, mara nyingi safari ni ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, imepunguza adha ya njiani. Maswali yamebaki palepale, na kubwa ni hili: damu haiwezi kutueleza mapema nani atasumbuliwa na mionzi?

“PSA ikiwa juu, mionzi itakuunguza zaidi.” Si kweli. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi yenyewe. Humsaidia daktari kupima uzito wa ugonjwa na kufuatilia tiba, basi. Kuhusu kibofu na njia ya haja kubwa, ambako madhara mengi hujitokeza, haisemi lolote.

“Kuna watu ambao miili yao haihimili mionzi.” Kweli, ila ni wachache mno. Mtu aliyerithi jeni ya ATM ikiwa na hitilafu kutoka kwa baba na mama pia, seli zake hushindwa kurekebisha vinasaba vilivyokatwa na mionzi. Dozi ya kawaida yaweza kumdhuru vibaya. Sisi wengine tunatofautiana kidogo kidogo, kwa jeni nyingi.

“Kipimo cha damu cha kutabiri madhara kipo tayari.” Nusu kweli, na nusu hiyo inavutia. Watafiti wa Montpellier, Ufaransa, walichukua chembe nyeupe za damu, wakazipiga mionzi ya dozi ya gray 8 maabara, kisha baada ya saa 48 wakahesabu zilizokufa. Ungetarajia kwamba mwenye chembe nyingi zilizokufa ndiye atakayeumia. Ni kinyume: huyo ndiye mwenye nafuu zaidi ya madhara ya baadaye. Utafiti wa REQUITE, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 4,400 wa Ulaya na Marekani, wakiwemo wa tezi dume, ulikusanya damu kwa ajili ya maswali haya haya. Lakini kwa tezi dume kipimo hicho bado hakijawa cha kumwamulia mgonjwa tiba. Tena, tafiti za jeni za kutabiri madhara ya mionzi zimejengwa zaidi juu ya damu ya watu wenye asili ya Ulaya; anayekuuzia leo kipimo cha namna hiyo kwa uhakika, mwulize kilijaribiwa kwa nani.

“Basi hakuna kinachoweza kukisiwa.” Si kweli. Kisukari, dawa za kuyeyusha damu, upasuaji wa tumbo wa zamani, shida ya mkojo uliyokuwa nayo kabla ya tiba: hayo huongeza hatari, na kuyauliza hakuhitaji maabara. Yataje yote, hata usipoulizwa.

“Ukimaliza mionzi salama, yamekwisha.” Si kweli, na hapa ndipo wengi hunaswa. Damu kwenye choo au mkojo yaweza kuanza miezi, hata miaka, baadaye, mzee akiwa ameshasahau Ocean Road. Hapa kwetu damu ya mkojo huweza kudhaniwa kichocho. Mwambie mganga wa kituo kwamba uliwahi kupigwa mionzi ya nyonga. Hasa mwambie kabla hajakata kinyama cha ukuta wa mbele wa njia ya haja kubwa kwa uchunguzi, kwa sababu kidonda cha hapo hupona kwa shida na chaweza kuacha tundu.