Kesi ya mauaji isiyo na maiti

Msikilizaji, wengi huamini kwamba pasipo maiti hapana kesi ya mauaji. Imani hiyo imewapa wauaji matumaini kwa miaka mingi, nami juma hili nataka kueleza kwa nini kisheria si ya kweli. Mfano wangu unatoka Uskochi.

Ijumaa, Novemba 12, 1976, Renee MacRae, mama wa miaka 36, alimwacha mwanawe mkubwa kwa baba yake mjini Inverness. Yeye na mumewe walikuwa wametengana. Akaondoka na mdogo, Andrew, wa miaka mitatu, akiaga kwamba anakwenda Kilmarnock kwa dada yake. Usiku ule ule gari lake, BMW, lilionekana likiteketea kando ya barabara kuu ya A9, maili zipatazo 12 kusini mwa mji. Ndani hamkuwa na mtu. Katika buti polisi walikuta doa la damu. Mama na mtoto hawajaonekana mpaka leo, wala kigari alichokuwa akisukumiwa mtoto.

Safari ya kwa dada ilikuwa kisingizio. Renee alikuwa akienda kukutana na William MacDowell, mhasibu katika kampuni ya ujenzi ya mumewe, bwana mwenye mke na watoto wake, ambaye mahakamani alitajwa kuwa ndiye baba wa Andrew. Rafiki wa Renee aliijua siri hiyo, na alijua pia kwamba bwana huyo alikuwa amemwahidi maisha mapya katika visiwa vya Shetland. MacDowell alikiri mapenzi hayo, lakini akakana kwamba alikwenda kuonana naye. Hata hivyo, alikuwa ameng'oa sehemu ya buti la Volvo yake na kuiteketeza.

Je, hayo yanatosha? Sheria ya Uskochi ni kali hapa: jambo la msingi halithibitiki kwa ushahidi wa upande mmoja tu, lazima upatikane mwingine wa kuuunga mkono. Lakini haisemi kwamba mmoja wao lazima awe maiti. Kifo chaweza kuthibitishwa kwa mazingira. Mtu aliye hai huacha alama: huchukua fedha benki, huugua akaenda hospitali, huandika barua. Mama aliyemwacha mtoto mmoja kwa baba yake hakai miaka zaidi ya 40 bila kumtumia hata salamu. Kila jambo peke yake ni uzi mwembamba. Mahakama huuliza kama nyuzi zikisokotwa pamoja zinabeba mzigo.

Kusema kweli, ushahidi wa namna hii hunitia wasiwasi, maana wapo watu waliotoroka kwao wakadhaniwa wamekufa. Ndiyo maana nadhani haikuwa vibaya kwamba waendesha mashtaka walisita, ingawa kusita kwa miaka 43 ni kurefu mno. Machimbo ya Dalmagarry yalifukuliwa mwaka 2004, na yale ya Leanach, karibu na Culloden, yakakaushwa maji mwaka 2019. Maiti hazikupatikana. MacDowell alikamatwa mwaka huo huo.

Kesi ilisikilizwa Inverness Septemba 2022 mbele ya jopo la raia. Hao si kama wazee wa baraza tuliowazoea, wanaotoa maoni tu. Kule hatia au kutokuwa na hatia ni uamuzi wao. Walimwona ana hatia ya kuwaua wote wawili. Alihukumiwa kifungo cha maisha, asitazamiwe kutoka kabla ya miaka 30, naye alikuwa na miaka 80.

Lakini hukumu haichimbi kaburi. Sisi tunajua matanga yasiyo na mazishi yalivyo: hayaanuliwi. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2020, ijulikanayo kwa jina la Helen, inayowataka wanaopima maombi ya msamaha wa kifungo wazingatie kama mfungwa amesema alikoweka maiti. Sheria hiyo ni ya England na Wales, na hata ingefika Uskochi, mzee wa miaka 80 mwenye kifungo cha miaka 30 hana msamaha wa kuombea. MacDowell alikufa Februari 2023, miezi mitano hivi baada ya hukumu, bila kusema walipo.