Kutu Ndani ya Injini ya Ndege Iliyolala

Uwanja wa Eastleigh, uliokuwa lango la anga la Nairobi hadi ule wa Embakasi ulipofunguliwa mwaka 1958, ungali katikati ya mitaa ya Eastlands kama kambi ya jeshi la anga, na huko Embakasi ndiko iliko Shule ya Usafiri wa Anga ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1954. Katika eneo hili lenye historia ndefu ya ndege, yafaa ifahamike kwamba injini ndogo ya pistoni, hasa iliyozeeka, huharibiwa zaidi na kulala kuliko kuruka.

Kila lita ya petroli inayoungua hutoa karibu lita moja ya maji, na sehemu ya mvuke huo hupenya kando ya ringi za pistoni, ikachanganyika na oili na kuzaa asidi. Baridi ya usiku wa Julai huugeuza unyevu uliobaki kuwa matone juu ya chuma. Kwenye injini za kampuni ya Lycoming, kamshafti, yaani mhimili wenye vinundu vinavyosukuma tapeti ili vali zifunguke, imewekwa juu ya krankshafti, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, hivyo oili huchuruzika na kuiacha wazi. Kutu huchimba vishimo, na injini ikiwashwa tena, uso mgumu wa kinundu hubanduka vipande vipande.

Kamera nyembamba inayopitishwa kwenye tundu la plagi huonyesha kuta za silinda na vali, ambapo vali ya moshi inayoanza kuungua hujitambulisha kwa rangi isiyolingana pande zote. Lakini kamera hiyo haiifikii kamshafti. Ndiyo maana fundi makini hukata chujio la oili, akakunjua karatasi yake na kupitisha sumaku, kwa kuwa chembe za chuma hujitokeza huko mapema.

Kuiwasha injini dakika chache ardhini ni kosa lililozoeleka, kwani huongeza maji bila kuyachemsha yakatoka; Lycoming hupendekeza angalau saa moja mfululizo ya kuruka kila siku 30, oili ikiwa kati ya nyuzi 74 na 93 za Selsiasi. Ndege isiyoruka hutiwa oili ya kuhifadhia, ikafungwa plagi zenye chembe za silika zinazobadilishwa rangi ya buluu inapogeuka waridi, na propela huwekwa onyo isizungushwe, maana kuizungusha hukwangua utando wa oili unaolinda silinda.