Fahamu: Lord Spikeheart ni nani, na albamu ya The Adept ina uzito gani?

Lord Spikeheart ni jina la kisanii la Martin Kanja, mwimbaji wa Kenya ambaye, baada ya miaka mingi katika bendi za metali, alitoa albamu yake ya kwanza ya pekee, The Adept, mwaka 2024.

Metali ni nini?

Metali ni tawi la roki lenye magitaa ya kukwaruza na ngoma za kasi, ambalo waimbaji wake wengi hupiga mayowe au kunguruma.

Alitokea wapi?

Kanja na Sam Karugu waliunda kundi la Duma mwaka 2019, wakachanganya metali na midundo ya kielektroniki, na mwaka uliofuata albamu yao ikatolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala.

Kwa nini ina uzito?

The Adept, iliyotolewa na lebo ya Kanja mwenyewe, Haekalu, ni heshima kwa Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau wa ukoo wake aliyefikia cheo cha fildimashali, akafuga nywele zake tangu vita vya msituni hadi zilipokatwa mwaka 2022, na kufariki mwaka 2023. Kwa hiyo muziki unaodhaniwa kuwa wa kigeni umebeba kumbukumbu ya ukombozi wa Kenya, jambo linalostahili kusikilizwa kwa makini.