Fahamu: Mafuta ya jenereta ya nyumbani, yapi na yawekwe wapi
Umeme ukikatika Dar es Salaam, jenereta nyingi ndogo za majumbani huwashwa kwa petroli. Tatizo, petroli haikai. Baada ya miezi 3 hadi 6 huanza kuharibika na kuacha utando unaonata kwenye kabureta. Mashine inagoma siku unapoihitaji. Dizeli huvumilia hadi mwaka, ilimradi maji yasiingie.

Hatari kubwa ya kuhifadhi petroli ni mvuke wake. Ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni mpaka kwenye jiko la mkaa lililo chumba cha pili na kushika moto. Jamani, dumu la maji halifai! Tumia dumu la mafuta lenye kifuniko cha kubana, usilijaze pomoni, liweke nje kivulini, mbali na watoto. Jenereta ikiwa ya moto, usiongeze mafuta. Izime, ipoe kwanza.